Kupima Paa kwa Droni: Mwongozo Kamili, Kuanzia Hesabu Hadi Ripoti

Kabla hujachaji betri, jibu kwanza swali hili: kitu kidogo kabisa unachotaka kukiona juu ya paa hilo kina ukubwa gani? Mtu anayekadiria idadi ya mabati ana kazi moja. Anayetafuta msumari uliopoteza mpira wake ana kazi nyingine, na anayefuatilia ufa mwembamba kwenye slabu ya zege ana ya tatu. Kimo cha kuruka, mwendo, lenzi, idadi ya picha, hata saa ya kwenda kazini, vyote vinatokana na jibu hilo. Ukirusha kwanza na kufikiri baadaye, utarudi na picha za kupendeza ambazo haziwezi kumwambia fundi apande wapi.

Na suala la kupanda si dogo. Kuanguka kutoka juu ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo katika kazi za ujenzi, na paa linalohitaji kukaguliwa mara nyingi ndilo lisilofaa kukanyagwa: papi zimeoza, bati limeliwa na kutu, vigae vimelegea, au vipande vya plastiki vya kuingizia mwanga vimekauka hadi vinapasuka mtu akivikanyaga. Droni haichukui nafasi ya fundi. Inampunguzia safari za juu na kumwonyesha mahali pa kuegemeza ngazi.

Hesabu ya pikseli

Kila picha imeundwa kwa pikseli, yaani vitone vidogo vya rangi, na kila pikseli hufunika kipande fulani cha paa. Ukubwa wa kipande hicho ndicho kipimo kinachotawala kazi yote. Unaupata hivi: zidisha upana wa kihisi cha kamera (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kwa umbali kutoka lenzi hadi paa, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi (namba ya milimita inayoonyesha lenzi inavuta kiasi gani) uliozidishwa na idadi ya pikseli katika upana wa picha. Namba hizo zote zimo kwenye maelezo ya kamera yako.

Chukua kamera yenye kihisi kinachoitwa cha inchi 1, ingawa upana wake ni milimita 13.2, urefu wa fokasi wa milimita 8.8, na picha yenye upana wa pikseli 5,472. Kutoka mita 100, pikseli moja inafunika karibu sentimita 2.7 za paa. Kutoka mita 30 ni milimita 8. Kutoka mita 12 ni milimita 3.3.

Sasa rudi kwenye swali lako. Ili utambue kitu bila kubahatisha, kitu hicho kiwe na upana wa pikseli 4 au 5. Kwa kupima eneo la paa, urefu wa kingo na mahali pa tangi la maji, mita 30 zinatosha kabisa. Mpira wa msumari wa bati wenye upana wa milimita 16 unaonekana kutoka mita 12. Ufa wa milimita 2 kwenye zege unataka pikseli ya nusu milimita hivi, na kwa kamera hii ungelazimika kusogea chini ya mita 2. Ukifika hapo usilazimishe. Tumia droni yenye lenzi ya kuvuta na ubaki mbali, kwa sababu kuruka mita 2 juu ya paa lenye antena na nyaya kunaweza kukugharimu droni nzima kwa ajili ya ufa mmoja.

Kimo ni cha juu ya paa, si cha juu ya ardhi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na mtu hugundua akiwa tayari amerudi mezani.

Ili programu iunganishe picha kuwa ramani moja, lazima zipandane, yaani kila picha irudie sehemu ya picha jirani. Kwa paa, lenga asilimia 80 kati ya picha na picha inayofuata kwenye mstari mmoja, na asilimia 70 kati ya mstari na mstari. Kamera ile ile ikiwa mita 12 juu ya paa, picha moja inafunika mita 18 kwa 12. Kwa hiyo utapiga picha kila baada ya mita 2.4, na mistari itaachana kwa mita 5.4.

Tuseme jengo lina kimo cha mita 9. Unaiambia programu iruke mita 21, ili ibaki mita 12 juu ya paa. Programu nyingi za kupanga safari huhesabu kimo kutoka pale droni ilipopaa, kwa hiyo inadhani unachopiga picha kiko mita 21 chini. Itapiga picha kila mita 4.2 na kuachanisha mistari kwa mita 9.45. Ardhi inayozunguka jengo itapandana vizuri kama ulivyoagiza, lakini juu ya paa zile asilimia 80 zitashuka hadi 65, na zile 70 zitashuka chini ya 48. Matokeo yake ni ramani yenye ua safi na paa lenye mashimo.

Dawa yake ni mojawapo ya mbili. Kama programu inakuruhusu kuitajia kimo cha kitu unachopima, itajie. Kama hairuhusu, pandisha asilimia: kwa mfano huu ingiza 89 na 83, na umbali kati ya picha utarudi pale pale panapotakiwa. Paa lenye mgongo lina jambo la ziada. Kupandana kwa picha kuhesabu kutoka mgongoni, maana ndiko karibu zaidi na kamera. Ukubwa wa pikseli uhesabu kutoka kwenye kingo za chini, maana ndiko mbali zaidi. Ukifuata hivyo, sehemu ngumu zote mbili zinakuwa salama.

Ruhusa na usalama

Mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako ndiyo yenye neno la mwisho. Soma kanuni zake zenyewe, usitegemee ulichosikia kwa mtu. Nchini Marekani kazi ya malipo inahitaji cheti cha urubani wa droni. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mwendeshaji wa droni yenye kamera hujisajili hata kama droni ina uzito wa chini ya gramu 250, isipokuwa ikiwa ni ya kuchezea. Kimo cha juu katika sehemu hizo kwa kawaida ni takriban mita 120, nawe kwa kazi ya paa hutakikaribia. Kinachokuhusu zaidi ni ukaribu wa viwanja vya ndege na marufuku ya kuruka juu ya watu.

Pata ruhusa ya mwenye jengo kwa maandishi. Majirani wape taarifa mapema, waeleze utapiga nini na saa ngapi. Ua wa mtu ni mahali pake pa faragha, na kamera inayoelea juu yake bila maelezo inaudhi kwa haki kabisa. Picha zilizonasa watu au madirisha ya jirani zikate au zifiche kabla ripoti haijatoka mkononi mwako.

Kagua eneo kwa miguu

Zunguka jengo kabla ya kufungua begi. Tafuta nyaya: za umeme, za simu, za kushikilia antena, za kuzuia radi. Vihisi vya droni vinavyokwepa vizuizi haviaminiki mbele ya waya mwembamba, kioo au matawi makavu, kwa hiyo waya usiouona wewe usitarajie droni iuone. Angalia viota pia. Ndege wenye makinda huishambulia droni, na ukiwaona wanaizunguka, ishushe urudi siku nyingine.

Chagua mahali pa kupaa palipo mbali na vyuma. Slabu yenye nondo, mabati na boneti ya gari huvuruga dira ya droni, kwa hiyo usipaishe wala kusawazisha dira juu yake. Paisha kutoka ardhini hata kama kuna ngazi nzuri ya kufika juu. Simama unapoiona droni muda wote. Ukuta wa zege ukikaa kati yako na droni, mawimbi ya rimoti hudhoofika ghafla. Jengo likiwa kubwa, weka msaidizi upande wa pili mnayewasiliana naye kwa simu au redio, kazi yake ikiwa ni kutazama angani tu.

Kisha weka kimo cha kujirudisha. Droni ikipoteza mawasiliano hupanda hadi kimo hicho ndipo irudi, na kimo hicho hupimwa kutoka ilipopaa. Kiwe juu ya kitu kirefu kuliko vyote eneo hilo, pamoja na mita kadhaa za ziada. Ukiwa unapiga picha chini ya kingo zilizochomoza, kumbuka kwamba kupanda huko kutaigongesha droni kwenye dari iliyo juu yake. Droni nyingi hukuwezesha kuchagua isimame pale pale badala ya kujirudisha, nawe ufanye hivyo kwa sehemu hiyo ya kazi.

Mwanga na kamera

Kwa ramani ya vipimo, siku bora ni yenye mawingu mepesi yanayosambaza mwanga sawasawa. Jua la utosini juu ya bati jipya huleta mng'ao unaohama kila droni inaposogea, na programu ya kuunganisha picha hushindwa kupata alama zinazofanana kati ya picha na picha. Lakini unapotafuta bati lililobonyea au kigae kilichonyanyuka, jua la pembeni la asubuhi au jioni ni rafiki yako, maana kila kasoro hutupa kivuli. Kazi kubwa ikistahili, ruka mara mbili.

Paa bapa lina siku yake pia: siku mbili kamili baada ya mvua kubwa. Mafundi wa mapaa bapa huhesabu kuwa ni kasoro maji yakisimama zaidi ya saa 48 baada ya mvua kukatika. Madimbwi yenyewe, na baadaye pete za tope yanazoacha, hukuchorea ramani ya mabonde bila hesabu yoyote.

Kamera iwekwe kwa mkono, usiiachie ijiamulie. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iwe 100 au 200, mizani ya rangi isibadilike, na ulengaji wa lenzi uufunge picha ikishakuwa kali juu ya paa lenyewe. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga wa picha moja, ihesabu: droni ikienda mita 1.5 kwa sekunde na shata ikiwa 1/500 ya sekunde, inasogea milimita 3 wakati picha inachukuliwa, karibu pikseli nzima katika mfano wetu. Nenda 1/1000 na ukungu huo utapungua nusu. Kama kamera ina shata ya kielektroniki pekee, punguza mwendo zaidi, au isimamishe droni kwa kila picha.

Kuruka kwenyewe

Ruka kwa mizunguko mitatu. Wa kwanza ni wa kimo cha juu, mita 30 au zaidi, kupiga paa zima na mazingira yake. Picha hizi chache hukupa picha ya jumla, na zinakuonyesha vizuizi ambavyo ukiwa chini hukuviona.

Wa pili ni wa mistari, kamera ikitazama chini moja kwa moja, kwa kimo ulichokihesabu. Mistari ivuke kingo za jengo pande zote; paa ambalo kingo zake zimenaswa na picha moja tu hutoka limeliwa pembeni.

Wa tatu ndio wengi huuacha, nami nauona wa lazima. Zunguka jengo kamera ikiwa imeinama nyuzi 45, ikitazama katikati ya paa. Picha hizi zinaonyesha mifereji, kuta za pembeni, kola za mabomba na kingo za kofia za mgongo. Zina kazi nyingine isiyoonekana. Ukitumia picha za kutazama chini pekee, programu inaweza kukosea kidogo katika kukadiria mkunjo wa lenzi, na kosa hilo hulibinua paa zima katikati au kulibonyeza, kwa sentimita kadhaa. Kwenye paa la mgongo huenda usihangaike nalo. Kwenye paa bapa lenye mteremko wa asilimia 1, ubinuko huo wa uongo utamfanya mtu aagize kazi ya kusawazisha slabu isiyo na tatizo. Picha za pembeni huliondoa kosa hilo kwa sehemu kubwa.

Upepo utazame kwenye kingo. Upepo unaogonga ukuta hupanda kwa nguvu ukingoni, kisha hushuka ukijizungusha upande wa pili, kwa hiyo droni iliyotulia katikati ya paa inaweza kuyumba ghafla ikifika pembeni. Tua betri ikiwa bado na asilimia 30. Betri iliyovimba isiruke tena, hata kwa safari fupi.

Kabla hujaondoka, fungua picha kadhaa na uzikuze hadi uone pikseli. Zikiwa na ukungu, rudia ukiwa bado hapo.

Vipimo vya kuaminika

Setilaiti za kawaida huiweka droni mahali pake kwa kosa la mita kadhaa, hasa kwa kimo. Umbo la paa linaweza kutoka sawa huku likiwa limeelea mahali si pake au limekuzwa kidogo. Kwa kukadiria mabati, dawa rahisi ni utepe: pima ukuta mmoja mrefu ukiwa chini, ingiza urefu huo kwenye programu kama kipimo cha kusawazisha, kisha pima ukuta wa pili na uutumie kukagua tu. Usichanganye kazi hizo mbili. Kipimo ulichokitumia kusawazisha hakiwezi kukwambia kama umekosea.

Kazi ikihitaji usahihi wa sentimita, tumia droni yenye RTK, ambayo hurekebishwa na kituo cha ardhini na kufikia sentimita 1 hadi 3, au weka alama zisizopungua 5 zilizopimwa kwa vifaa vya mpimaji ardhi. Zisambaze pembeni na katikati, baadhi ziwe ardhini na baadhi juu, ili kimo nacho kishikwe.

Kutengeneza ramani

Hamisha picha kwa kadi ya kumbukumbu au kwa waya. Zikitumwa kwa WhatsApp kama picha za kawaida hubanwa na kupoteza taarifa za mahali zilipopigwa, na bila taarifa hizo programu hupapasa gizani. Toa zenye ukungu, kisha ziingize kwenye programu. Agisoft Metashape na Pix4D ni za kulipia. OpenDroneMap ni ya bure na programu yake iko wazi kwa yeyote, nayo inafanya kazi nzuri ukiwa na kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha. Zote hupita njia moja: kutafuta alama zinazofanana, kujenga wingu la nukta (nukta nyingi zinazochora jengo kwa pande tatu), kisha kutoa umbo la jengo na ramani-picha iliyonyooshwa.

Bati jipya au paa lililopakwa rangi nyeupe pekee hukosa alama za kushikwa. Ongeza kimo kidogo ili kingo na mazingira viingie kwenye kila picha, au kama kuna mahali salama pa kufika, bandika vipande vya tepe yenye rangi.

Ukipima eneo kwenye ramani-picha, unapima kivuli cha paa kikiwa ardhini, si paa lenyewe. Paa la mita 12 kwa 8 linaonekana mita za mraba 96. Likiwa na mteremko wa nyuzi 30, eneo lake halisi ni 96 gawanya kwa kosaini ya 30, yaani karibu mita za mraba 111. Mwenye jengo akinunua kwa hesabu ya 96, mabati yatamwishia kazi ikiwa katikati. Pima mteremko kwenye umbo la pande tatu, na kila upande wa paa uuhesabu peke yake.

Kamera ya joto

Kwenye paa bapa lenye tabaka la kuzuia joto chini ya utando wa kuzuia maji, kamera ya joto huona maji yaliyonaswa ndani. Maji hutunza joto la mchana. Jua likishazama sehemu kavu hupoa upesi, zile zenye maji hubaki na joto, na kwenye picha hujitokeza kama mabaka. Unahitaji siku yenye jua lililotangulia, uso wa paa uliokauka, upepo mdogo na anga lisilo na mawingu. Kuruka usiku kuna masharti yake ya sheria.

Usiitumie kwenye bati tupu linalong'aa. Chuma hicho hurudisha joto la anga badala ya kuonyesha la kwake, na utasoma ubaridi usiokuwepo. Kwa paneli za sola ni tofauti: zikague mchana zikiwa zinazalisha umeme, mwanga wa jua usipungue wati 600 kwa mita ya mraba kama kiwango cha kimataifa cha IEC 62446-3 kinavyotaka. Seli mbovu itang'aa kati ya wenzake.

Kusoma paa na kuandika ripoti

Anza pale maji yanapokutana au yanapokatizwa: mabonde kati ya pande mbili za paa, kola za mabomba, kingo za dohani, maungio ya paa na ukuta, mifereji. Ndipo yanapopenyea mara nyingi zaidi kuliko katikati ya bati zima. Usiweke kidole kwenye ramani juu kabisa ya doa la dari na kusema ndipo penye tundu. Maji hutembea juu ya papi na kenchi kabla ya kudondoka, kwa hiyo tafuta kuelekea juu ya mteremko kutoka lilipo doa.

Tazama kwa karibu misumari. Mpira mzima huacha duara lenye kingo safi. Mpira uliokufa huonekana kama duara lenye pete ya kahawia, na chini yake mchirizi wa kutu ukifuata mteremko. Mchirizi huo huonekana hata pale msumari wenyewe umeshindikana kuonekana. Msumari uliolala au uliong'oka nusu hutupa kivuli kirefu kuliko wenzake, na hapo ndipo picha za jioni zinapolipa.

Katika ripoti, kila kasoro ipewe namba kwenye ramani ya paa yenye mshale wa kaskazini, picha ya karibu, na picha ya mbali inayoonyesha ilipo. Gawa matokeo kwa uaminifu: kilichoonekana wazi, kinachoshukiwa, na kinachohitaji kuguswa kwa mkono. Hilo la tatu usiliogope. Droni haiwezi kujua kama mbao chini ya vigae imeoza, kama utando umeachana na zege, au kama kigae kinachoonekana kimekaa vizuri kimeshikwa na chochote.

Mwisho, hifadhi picha asili zote pamoja na faili la safari lenye kimo, mistari na mwelekeo wa kamera. Ukaguzi unaofuata urushwe kwa faili lile lile na mwanga unaokaribiana, ramani mbili ziwekwe moja juu ya nyingine, na ufa uliorefuka au kutu iliyotanuka itapimwa badala ya kubishaniwa.